Ukienda Kuvua na Mbwa, Mbwa Ndiye Anayechagua Mahali

Watu huangalia video za Wazungu wakivua trauti kwenye kijito cha baridi, mbwa kajilaza kwenye nyasi pembeni, halafu wanauliza kama mambo hayo yanawezekana Mwanza. Trauti, hapana. Yule ni samaki wa maji ya baridi. Maji yakikaribia nyuzi 25 anaanza kufa, na ziwa letu upande wa juu huwa na nyuzi 24 hivi hata miezi ya ubaridi. Walipopandikizwa Afrika Mashariki walipelekwa kwenye mito ya milimani, na huko ndiko waliko. Lakini kuvua kwa mshipi ukiwa na mbwa, hilo linawezekana kabisa. Tofauti ni kwamba kijito cha trauti hakina mamba.

Na mamba ndiye anayepanga kila kitu. Mvuvi aliye peke yake huuliza samaki wako wapi. Mwenye mbwa anauliza kwanza mbwa atakaa wapi, kisha anavua kinachopatikana hapo.

Chukua mfano wa kuyu. Kwa tabia ndiye anayemkaribia trauti: anapenda maji yanayokwenda, anakula wadudu wa majini na konokono, na anajikinga nyuma ya jiwe pale mkondo unapokatika. Yumo kwenye mito inayoingia ziwani, Simiyu, Mara, Kagera. Kumvua kunataka nyungunyungu mmoja mnene, ndoano namba 6 na chubwi ndogo, yaani kizito cha kuzamisha chambo, umbali wa sentimita 40 juu ya ndoano. Unarusha upande maji yanakotoka, unauacha mkondo ukokote chambo kuteremka. Mkononi unatakiwa kusikia chubwi ikigonga chini, inaachia, inagonga tena. Ikikaa palepale ni nzito mno. Ikiteremka bila kugonga popote ni nyepesi, na chambo kinapita juu ya kichwa cha samaki. Uvuvi mtamu. Ila Simiyu kule Magu ina maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo za tope, na huoni hata kiganja kikizama. Mbwa mwenye kiu hatakuuliza, atateremka kunywa. Kwa kuyu, mwache mbwa nyumbani.

Kama ni lazima umpitishe karibu na mto au kwenye matete ya ziwani, jifunze kusoma ukingo. Mteremko wa tope uliolainishwa kama umepigwa mwiko, wenye alama za makucha pande mbili, ni njia ya tumbo la mamba. Kiboko naye huacha njia ya aina yake: mifereji miwili sambamba na tuta jembamba katikati, kwa sababu miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana sana. Njia hiyo ikiingia kwenye matete kama pango, usikae hapo hata dakika moja. Kiboko hula nyasi usiku na kurudi majini alfajiri, saa ileile mvuvi anapofika. Mbwa akimbwekea, kiboko hatafuti njia nyingine, anapita hapohapo mlipo.

Waulize pia wanaochota maji na wanaofua. Ukijibiwa "siku hizi hayupo", maana yake alikuwepo. Mamba hujifunza ratiba: mnyama akinywa pahali pamoja saa ileile siku baada ya siku, ipo siku atasubiriwa. Ndiyo maana mbwa hanywi ziwani wala mtoni hata siku moja. Maji yake unayabeba.

Mahali panapomfaa mbwa ni miamba. Ufukwe wa jiji upande wa Ghuba ya Mwanza na kule kaskazini kuelekea Igombe na Kayenze una mawe makubwa yanayosimama juu ya maji, na kwenye mengine unavua ukiwa mita mbili juu ya ziwa. Maji hapo huwa maangavu kuliko ya mtoni, chini kuna mawe badala ya tope, na samaki wa miamba wapo: sato, furu, gogogo. Lakini hata hapo mbwa anafungwa mita 10 au zaidi kutoka majini, na hafungwi kwenye jiwe lenye mteremko wa kuingia ziwani. Kisiwa cha Saanane kiondoe kwenye hesabu, ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Mdomo wa Mirongo nao uruke. Mto unaopita katikati ya jiji huleta kila kitu ambacho jiji limekitupa.

Miamba ina vishawishi vyake. Yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anayeota jua juu ya jiwe humfanya mbwa mwenye akili zake zote aruke bila kuangalia anatua wapi. Pimbi ni mbaya zaidi: anaingia kwenye ufa, mbwa anamfuata, mabega yanapita lakini kutoka kinyumenyume inashindikana. Kwa hiyo usimfunge karibu na ufa wenye vinyesi vya pimbi. Utavitambua kwa madoa meupe ya mkojo uliokauka yanayoteremka kwenye jiwe.

Sasa kivuli, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mji wetu uko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo ukisimama ufukweni unatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, kivuli chako kinaangukia majini, kirefu, na kila ukiinua mkono sato wa kwenye maji mafupi wanatawanyika. Kaa chini, jiwe likiwa nyuma yako, ili kivuli chako kimezwe na kivuli cha jiwe. Au vua moja kwa moja ndani ya kivuli cha jiwe hilo, maana sato wenyewe hujificha hapo. La pili ni la mbwa: kivuli cha asubuhi cha jiwe lolote kiko upande wa ziwa, upande uleule usiotaka akae. Ukimfunga nyuma ya jiwe, upande wa nchi kavu, jua linampiga usoni kuanzia saa 1. Tafuta mti, au beba kipande cha turubai cha mita mbili kwa mbili na kamba nne za kukitandaza kati ya mawe. Kukitandaza ni kazi ya dakika tano, na kabla hujafanya hivyo usiguse ndoano.

Upepo nao una saa zake. Alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo unarusha ukiwa umeupa upepo mgongo na chambo kinafika mbali. Kuelekea saa 5 unageuka, unatoka ziwani, mshipi unarudishwa usoni, na mbwa aliyekuwa ametulia anaanza kupokea harufu za samaki, kenge na mialo ya jirani wanakoshushia samaki. Anainuka, analia, anavuta kamba. Hiyo ndiyo saa ya kufunga virago, na kwa bahati nzuri ni saa hiyohiyo sato wanapopunguza kula na mawe yanapoanza kuunguza. Jiwe la Mwanza likishapigwa jua ni kikaango. Weka mgongo wa kiganja juu yake. Ukishindwa kuhesabu mpaka saba, nyayo za mbwa nazo haziwezi.

Kwa hiyo safari huchukua muda wa saa nne hivi: fika kabla ya saa 1 asubuhi, ondoka saa 4 na nusu.

Vifaa vya sato ni vyepesi. Fito ya mwanzi au ya dukani ya mita 3, mshipi wa nailoni wa milimita 0.25, ndoano namba 8 au 10, kichubwi cha ukubwa wa punje ya mtama, na kiboya. Kiboya kizuri kuliko vyote vya dukani ni kipande cha kandambili kuukuu, chembamba kama kidole cha mwisho na chenye urefu wa sentimita 4, kilichopigwa tundu katikati. Anza na kina cha mita moja na nusu, kisha ongeza nusu mita kila baada ya robo saa mpaka uguswe. Sato mara nyingi hazamishi kiboya kwa fujo. Kinalala ubavu, au kinatembea pembeni taratibu kama kinavutwa na uzi. Inua fito kwa kiwiko, usikwanyue kwa bega, maana midomo yake ni laini na ndoano itatoka na kipande cha ngozi tu.

Kuhusu chambo tuelewane. Wengi wetu hapa tunavua sato kwa ugali mgumu uliokandwa na unga kidogo wa ngano ili usiyeyuke. Chambo kizuri sana, lakini mbwa wa Mwanza amelelewa kwa ugali na dagaa. Ugali kwenye ndoano ni chakula chake cha mchana kikiwa na chuma ndani. Ukienda na mbwa tumia nyungunyungu, na ndoano yenye chambo isiachwe chini hata unapofungua chupa ya maji. Ama iko majini, au imenasishwa kwenye mpini wa fito, au iko ndani ya kopo lenye mfuniko. Hakuna mahali pa nne.

Sangara ni jambo jingine. Anataka mshipi wa milimita 0.50, ndoano namba 3/0 na furu hai aliyetobolewa chini kidogo ya pezi la mgongoni. Meno yake hayakati kama ya mbwa, yako kama msasa, yanasugua mshipi mpaka unachanika. Kwa hiyo sentimita 60 za mwisho ziwe nailoni nene ya 0.80, waya hauhitajiki. Akinasa anaruka juu ya maji akitikisa kichwa, na hapo mbwa yeyote hupagawa. Kifuniko cha shavu lake kina ukingo unaochana kama wembe, na miiba ya mgongoni haina huruma. Kwa sangara muwe watu wawili, mmoja na fito, mwingine na mbwa. Kama uko peke yako, baki na sato. Na chochote utakachopata, kanuni za urefu hazibadiliki: sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hurudishwa majini. Chora alama hizo mbili kwenye fito yako kwa rangi ya kucha.

Mbwa naye ana vifaa vyake. Mkanda wa kifuani badala ya kola, kwa sababu akiteleza kwenye jiwe akiwa amefungwa shingoni atajinyonga. Kamba ya mita 3, unene wa milimita 8 au 10. Mnyororo hupata moto juani na hukwama kwenye nyufa. Kitanzi cha kwenye mti kisiwe cha kukaza. Maji lita 3 kwa mbwa wa kilo 20: akiwa ametulia hunywa lita moja na kidogo kwa siku, lakini juani huongeza mara mbili, na sehemu iliyobaki ni ya kummwagia. Plaizi yenye makali ya kukatia waya. Kitambaa kirefu cha pamba. Chumvi kidogo kwenye karatasi.

Mpangilio wa kukaa ni huu. Fito ya mita 3 pamoja na mshipi unaoning'inia huchora duara pana nyuma yako. Mbwa awe zaidi ya mita 6 kutoka ulipo, upande wa mkono usiorushia. Ukitumia mshipi wa mkono uliozungushiwa chupa, ule wa kuzungusha chubwi juu ya kichwa kabla ya kuachia, ongeza iwe mita 8, maana chubwi ikichomoka hujui inakwenda wapi.

Mafunzo huanza nyumbani wiki mbili kabla, dakika kumi kwa siku. Funga dagaa mmoja kwenye mshipi usio na ndoano, uburute kwenye uwanja mbele ya mbwa aliyefungwa. Akiurukia, sema "acha", mshipi ukome palepale. Akigeuza macho kukutazama, mpe dagaa mwingine kutoka mkononi. Yule wa kwenye mshipi hampi kamwe, hata siku ya mwisho. Ukimpa mara moja tu umemfundisha kwamba subira humalizikia kwenye ndoano. Wiki ya pili weka ndoo yenye samaki hai na umwache asikie wanavyopiga mikia. Dagaa wa mafunzo wawe wa kuanikwa kwenye chanja, wale wa kuanikwa chini wana mchanga. Mbwa ambaye baada ya wiki mbili bado anaurukia mshipi haendi ziwani. Wapo wa namna hiyo, na ni walinzi wazuri sana wa nyumba.

Tukija kwenye ajali, ya kwanza ni ndoano kumezwa. Mshipi unaonekana ukitoka mdomoni na kila mtu anataka kuuvuta. Usivute. Ukivuta, ndoano inachimba kooni au tumboni. Usimtapishe pia. Kata mshipi ukiacha nusu mita nje, ufunge kwenye mkanda wa kifuani ili usimezwe wote, nenda kwa daktari wa mifugo. Mshipi wenyewe ni hatari kama ndoano: utumbo hujikunja juu yake na uzi unakata ukuta wake.

Ndoano ya mdomoni, iliyopita kwenye ngozi ya nje, unaweza kuitoa. Mwenzako amzungushie kitambaa mwilini na kumshika kichwa, kwa sababu mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempa ugali. Sukuma ndoano mbele mpaka ncha itokeze upande wa pili, kata ncha pamoja na kile kijimwiba kinachotazama nyuma kwa plaizi, kisha rudisha kipande kilichobaki njia kilikoingilia. Osha kwa maji ya chumvi. Ulimi, jicho na koo usiguse, hizo ni za daktari. Kama utabana vijimwiba vyote kwa plaizi kabla ya safari, kazi hii yote inakuwa kuchomoa tu. Utapoteza samaki mmoja mmoja, basi.

Ya pili ni gogogo. Huyu akitolewa majini hutoa sauti ya kukwaruza kwa kusugua mizizi ya miiba yake ya mapezi ya ubavuni. Kwa mbwa, kitu kinacholia kikiwa kimelala chini ni cha kung'atwa. Gogogo naye husimamisha miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na kuifunga ikae wima. Haikunjwi kwa nguvu, na ina meno kama msumeno. Ikishaingia kwenye kaakaa, mbwa hawezi kufunga mdomo wala kumtema. Usimvute samaki. Kata miiba yake mitatu karibu na mwili kwa plaizi, samaki aanguke, kisha toa vipande kimoja kimoja vikirudi njia vilikoingilia. Gogogo akinasa, kata miiba kabla hujamweka chini, au mrudishe.

Ya tatu ni joto. Kuhema kwa ulimi mrefu ni kawaida. Fizi zilizoiva nyekundu ya kukolea, mate mazito na miguu kupepesuka si kawaida. Joto la mbwa mzima ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 viungo vya ndani vinaharibika. Mmwagie maji tumboni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, ondoka naye. Kumfunika kitambaa chenye maji na kumwacha nacho hufungia joto ndani.

Siku ambazo ziwa limetulia na juu kuna utando wa kijani kama rangi ya mafuta imemwagwa, geuza mrudi. Ule si uchafu wa kawaida. Ni bakteria za kijani, baadhi zina sumu ya ini, na mbwa hata asiponywa atailamba kwenye manyoya. Akiloa, mwoshe kwa maji uliyobeba palepale. Na akitumbukia sehemu yenye majani na maji yaliyotulia, mvute kwa kamba, usiingie kumfuata: ndiko waliko konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali.

Kuna watu pia. Pita mwaloni ukiwa na mbwa kamba fupi, usalimie wazee, uwaambie viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi mwaloni, unavua wapi, na habari za leseni uziulize ofisi ya uvuvi mapema. Mbwa asisogee kwenye chanja za dagaa. Ni mali ya mtu, na mwenye nayo akirusha jiwe hana kosa. Kwa majirani Waislamu, mate ya mbwa ni najisi, na ndoo iliyolambwa ina utaratibu wake wa kutwaharishwa. Kwa hiyo ndoo ya samaki iwe na mfuniko, chombo cha mbwa kiwe kingine na cha rangi nyingine, na ukitaka kumpelekea jirani sato wawili uwe na uhakika wa jibu akikuuliza. Daladala usijaribu. Bajaji mtaelewana bei ukiwa na gunia la kutandika sakafuni na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu.

Kabla ya kuondoka mkague mbwa kati ya vidole, nyuma ya masikio na kwapani. Kupe wa kwenye majani ya ukingoni hupenda hapo. Vichwa vya sato utamchemshia nyumbani mpaka mifupa ilainike, ukiwa umeondoa miiba ya mgongo. Vipande vya mshipi vilivyokatika kusanya vyote, hata vya wenzako waliokutangulia. Kisha hesabu ndoano. Kama ulikuja nazo 12 na mkononi unazo 11, mbwa habanduki hapo mpaka umejua ya 12 iko kwenye jiwe gani.